Ni Kansa Gani ya Damu? Kipimo Ambacho Mfanyakazi Anapaswa Kukijua



Katika kazi ya chama nimeshika mikononi vyeti vingi vya hospitali vya wenzetu waliougua wakiwa kazini. Vingi vimeandikwa maneno matatu tu: "upungufu wa damu". Cheti cha namna hiyo hakimsaidii mgonjwa kudai fidia, kwa sababu upungufu wa damu huletwa na mambo mengi: malaria, minyoo, chakula duni, uzazi. Mwajiri akikisoma husema, "Huyu aliugua nyumbani kwake." Lakini wapo wafanyakazi ambao damu yao huharibiwa na sumu ya kazini iitwayo benzini, na ubaya wake wa mwisho ni kansa ya damu. Leo nitaeleza kipimo kimoja cha maabara ambacho humsaidia daktari kujua ni kansa gani, ili mfanyakazi na jamaa zake wajue la kuuliza.

BENZINI NI NINI?

Benzini ni kimiminiko kisicho na rangi, chenye harufu tamu kidogo, na hukauka upesi hewani. Huyeyusha mpira, rangi na grisi. Ndiyo sababu ilitiwa kwa wingi katika gundi ya viatu, gundi ya mpira na dawa za kuzimulia rangi. Msiichanganye na petroli, ingawa ndani ya petroli imo benzini kidogo. Kwa hiyo jambo hili haliwahusu watu wa viwanda vya viatu peke yao. Linamhusu pia fundi wa karakana ya shamba anayeosha vipuri kwa petroli mikono mitupu, na dereva wa trekta anayeivuta kwa mpira na mdomo.

Sumu hii huingia kwa pumzi, na kwa ngozi pia. Ikifika mwilini hushambulia uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa, ambao ndio kiwanda cha damu yetu.

Habari hizi si ngeni. Mwaka 1897 huko Sweden, daktari aliandika juu ya wasichana wa kiwanda cha matairi ya baiskeli ambao uboho wao ulishindwa kutengeneza damu. Mwaka 1928 madaktari wa Ufaransa waliandika juu ya mfanyakazi wa benzini aliyepata kansa ya damu. Kisha ukaja mfano wa Istanbul, nchini Uturuki. Mafundi viatu wa huko walifanya kazi katika vyumba vidogo visivyopitisha hewa, makopo ya gundi yakiwa wazi kutwa nzima. Dakta Muzaffer Aksoy na wenzake waliwahesabu wagonjwa kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Kati ya mafundi viatu wapatao 28,500 walipata 26 wenye kansa kali ya damu au dalili zake za mwanzo. Hesabu hiyo ilikuwa kama mara mbili ya ile ya watu wa kawaida. Gundi za benzini zilipoanza kuachwa, wagonjwa wa namna hiyo nao walipungua.

ASKARI WA DAMU NA SILAHA YAO

Ili kufahamu kipimo, yatupasa kwanza kufahamu chembe nyeupe za damu. Hizo ndizo askari wa mwili, nazo zina koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza huzaliwa na kukomaa katika uboho, na askari wake wengi ni wale wanaokimbilia kidonda na kumeza vijidudu. Madaktari huuita ukoo wa mieloidi. Ukoo wa pili ni wa limfoidi, ambao hukaa sana katika tezi na huweka kumbukumbu ya magonjwa yaliyopita.

Askari wa ukoo wa kwanza wana silaha yao. Ni kimeng'enya kiitwacho mieloperoksidesi. Kimeng'enya ni kitu cha mwilini kinachoharakisha kazi, kama chachu inavyoharakisha unga kuumuka. Hiki huchukua klorini iliyomo katika chumvi ya mwili na kutengeneza dawa ile ile iliyomo katika maji ya kung'arisha nguo nyeupe. Kwa dawa hiyo askari huua vijidudu alivyovimeza. Rangi yake ni ya kijani, na ndiyo maana usaha huwa na ukijani. Mtaalamu wa Sweden, Kjell Agner, alikitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1941, akikitoa katika usaha wa wagonjwa.

Hapa pana jambo la kusikitisha. Ini huivunja benzini ikawa vitu vingine, navyo husafiri hadi kwenye uboho. Wataalamu wanaeleza kwamba huko kimeng'enya hiki hiki huvigeuza kuwa sumu kali zaidi. Silaha ya mlinzi inageuka kuumiza nyumba anayoilinda.

JINSI KIPIMO KINAVYOFANYA KAZI

Mtu akipata kansa kali ya damu, uboho hutoa chembe changa zisizokomaa, nyingi mno. Daktari akizitazama kwa hadubini, mara nyingi za ukoo huu na za ukoo ule hufanana kama mapacha. Lakini dawa zake si sawa, hivyo ni lazima ajue.

Hapo ndipo hutumika kingamwili. Kingamwili ni kitu ambacho mwili hutengeneza ili kumkamata mgeni mmoja tu, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Wataalamu humdunga panya au sungura kimeng'enya cha binadamu. Mwili wa mnyama huyo hukiona kuwa ni mgeni, ukatengeneza kingamwili za kukikamata. Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waligundua njia ya kuunganisha chembe ya panya itoayo kingamwili na chembe ya kansa isiyokoma kuzaana. Tangu hapo kingamwili za namna moja zikaweza kutengenezwa kwa wingi bila mwisho. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Maabara huchukua damu au uboho wa mgonjwa na kuutia kingamwili hizo zikiwa zimefungwa rangi. Kama kimeng'enya kimo, kingamwili hunasa, na chembe huonekana zimepata rangi ya kahawia chini ya hadubini. Njia nyingine hutumia rangi inayong'aa, na mashine huzihesabu chembe moja moja zikipita mbele ya mwanga. Chembe changa zikishika rangi, daktari huandika kwamba kansa ni ya ukoo wa mieloidi. Na kansa kali ya ukoo huo ndiyo iliyothibitika zaidi kuletwa na benzini.

KIPIMO HAKISEMI YOTE

Tusidanganyane. Kipimo hiki hutaja ukoo wa kansa, hakitaji aliyeileta. Kansa hiyo hiyo humpata hata mtu ambaye hajawahi kunusa gundi. Kinachounganisha ugonjwa na kazi ni historia ya mfanyakazi: alifanya kazi gani, kwa miaka mingapi, akishika nini. Vyeti viwili hivyo, cha maabara na cha kazi, vinatakiwa viende pamoja.

Pia ziko kansa za ukoo wa mieloidi ambazo hazina kimeng'enya hiki. Kwa sababu hiyo madaktari hutumia kingamwili za aina kadhaa kwa pamoja. Mwajiri asije akashika jibu moja la "hakuna" akasema kesi imekwisha.

Tena, kipimo hiki huja wakati ugonjwa umekwisha kuingia, pengine miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Anayesubiri kipimo hiki ndipo aanze kujikinga amechelewa.

SHERIA INASEMAJE?

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 136 juu ya benzini mwaka 1971. Nchi zilizouridhia zinatakiwa zihakikishe kwamba benzini inaachwa kila panapopatikana kitu kingine kisicho na madhara au chenye madhara madogo zaidi. Wanaoishika wapimwe afya pamoja na damu kabla ya kuanza kazi na tena kila baada ya muda, bila kulipa hata senti. Wajawazito, wanaonyonyesha na vijana wa chini ya miaka 18 wasiwekwe katika kazi hiyo. Chombo chenye benzini kiandikwe jina lake waziwazi.

Hata kwenye nchi tajiri haki hii haikuja bure. Marekani, mwaka 1978, serikali iliteremsha kiasi kinachoruhusiwa hewani kutoka sehemu 10 hadi sehemu 1 katika milioni. Wenye makampuni ya mafuta walikwenda mahakamani, vyama vya wafanyakazi vikasimama upande wa pili, na mwaka 1980 Mahakama Kuu ikaifuta kanuni hiyo. Kiasi cha sehemu 1 kilirudi mwaka 1987. Miaka yote hiyo watu waliendelea kuvuta hewa ile.

MAMBO YA KUFANYA

1. Soma kopo la gundi na la dawa ya kuzimulia rangi. Kama halina maandishi, mwakilishi wenu amwulize mwajiri, na aombe jibu kwa barua.

2. Madirisha yafunguliwe, makopo yafunikwe. Usinawe mikono kwa petroli wala kuivuta kwa mdomo.

3. Wanaoshika vitu hivi waombe damu yao ihesabiwe chembe zote, nyekundu na nyeupe, kila baada ya muda. Kipimo hicho ni rahisi na huweza kuonyesha mapema kwamba damu inapungua.

4. Ukiona uchovu usiokwisha, fizi au pua kutoka damu, mavilio ya damu ngozini bila kuumia, au homa za mara kwa mara, nenda hospitali na umweleze daktari kazi yako. Mficha maradhi kifo humuumbua.

5. Mgonjwa akiambiwa ana kansa ya damu, yeye au ndugu zake waulize: "Ni ya ukoo gani? Imepimwa kwa kingamwili? Tunaomba iandikwe kwenye cheti."

6. Kila tawi liwe na daftari la nani alifanya kazi wapi, tangu lini, na gundi au dawa gani. Kiwanda kinaweza kufungwa na faili za ofisi zikapotea. Daftari la tawi lisipotee.