Msitu wa Wenje na Maana Mbili za Neno "Hifadhi"

Zipo hifadhi za wanyama ambamo mgeni hulipa kiingilio, akasimama mbele ya kioo na kumtazama fisi maji akiogelea. Azuruye misitu ya Mto Tana karibu na Wenje hakuti kioo wala ua. Hukuta vipande vya msitu kandokando ya mto, baina yake mashamba ya Wapokomo. Juu ya mikuyu, mbega mwekundu wa Tana hula majani machanga. Chini, mangabei wa Tana hupita kwa makundi akitafuta matunda na mbegu. Wanyama hawa wawili hawapatikani porini popote pengine duniani.

Neno hifadhi, lenye asili ya Kiarabu, lina upana wake. Anayehifadhi Kurani huiweka moyoni; anayemhifadhi mgeni humpa sitara. Katika lugha ya serikali, hata hivyo, hifadhi ni eneo lenye mipaka na masharti. Maana hizi ziligongana papa hapa.

Mwaka 1976 serikali ilitenga kilomita za mraba 169 kwa ajili ya kima hao. Ndani yake walikuwamo wakulima. Mtu hana budi kuutazama mkindu ili auelewe mgogoro uliofuata: mangabei hula matunda yake, nao Wapokomo husuka mikeka kwa ukindu na hugema tembo kutoka mti huohuo. Nani basi aambiwe aondoke? Mradi ulioanza mwaka 1996 kupitia Benki ya Dunia ulikusudia, pamoja na mengine, kuzihamishia familia upande wa Kipini. Wengi walikataa. Wenyeji walikwenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Baadaye wanakijiji wa Ndera walianzisha hifadhi yao ya jamii, wakilitwaa neno lilelile lililokuwa limewatisha.

Hukumu, hata hivyo, haikuugusa mto. Mikuyu na mikindu huishi kwa maji ya chini ya ardhi yanayojazwa na mafuriko, na mafuriko hayo hayaji tena kama zamani. Tangu Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, mabwawa matano ya umeme yalijengwa huko juu, mamia ya kilomita kutoka Wenje. Mkulima na mangabei huyangoja maji hayohayo.