Mfalme Sauli: Kiongozi Aliyewaogopa Watu Wake



Wale wanaohudhuria Misa za kila siku wanajua kwamba katika miaka inayogawanyika kwa mbili, mara baada ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, somo la kwanza hutoka katika vitabu vya Samweli. Jumamosi ya juma la kwanza tunamsikia kijana mrefu na mzuri wa sura, Sauli, akipakwa mafuta. Jumatatu inayofuata tayari Samweli anamwambia kwamba Mungu amemkataa asiwe mfalme. Kosa lake, kwa jinsi somo linavyosikika, ni kubakiza kondoo na ng'ombe wa vita. Kisha, mwishoni mwa juma la tatu, tunamsikia Daudi akimchukua mke wa Uria na kupanga mauaji ya mume, na siku ya pili yake Nathani anamkemea. Ukiendelea na sura hiyo unakuta Daudi anakiri na kuambiwa kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake.

Waamini wametuuliza zaidi ya mara moja: hii ni haki gani? Mmoja kabakiza mifugo, kakataliwa. Mwingine kazini na kuua, kasamehewa. Katika makala hii tunajaribu kujibu swali hilo, kwa sababu jibu lake linagusa namna tunavyoungama, na namna tunavyoishi mbele ya macho ya watu, iwe seminarini au parokiani.

Tuanze na mazuri ya Sauli, maana Biblia nayo inaanzia hapo. Mwana huyu wa Kishi, wa kabila la Benyamini, alitoka nyumbani kutafuta punda wa baba yake waliopotea. Alipotembea siku kadhaa bila kuwaona alitaka kurudi, kwa hofu kwamba baba yake ataacha kuwafikiria punda na kuanza kuwahangaikia wao (1Sam 9:5). Huyo ni mtoto aliyelelewa vizuri. Siku ya kuchaguliwa kwa kura huko Mispa alikutwa amejificha kwenye mizigo (10:22). Watu fulani walipomdharau na kukataa kumletea zawadi, alinyamaza (10:27). Muda mfupi baadaye akawaokoa watu wa Yabesh-Gileadi, ambao Nahashi Mwamoni alitaka kumng'oa kila mmoja wao jicho la kuume. Na siku ya ushindi, watu walipotaka kuwaua wale waliomdharau, alikataa asiuawe mtu (11:13). Mkurugenzi wa miito yeyote angefurahi kumpokea kijana wa namna hii.

Sasa tuingie katika sura ambazo hatuzisikii katika masomo hayo ya Misa.

Sura ya 13 inatueleza hali iliyokuwa ngumu kweli. Wafilisti wamekusanyika Mikmashi. Wamewazuia Waisraeli kuwa na wahunzi, hata jembe la mtu lilinolewa kwao kwa malipo, na siku ya vita ni Sauli na mwanawe Yonathani tu waliokuwa na upanga. Sauli alikuwa ameagizwa amngojee Samweli Gilgali siku saba, mpaka aje amwonyeshe la kufanya (10:8). Siku ya saba ikafika, Samweli haonekani, na askari wanatoroka, wengine wanajificha mapangoni. Sauli akatoa sadaka ya kuteketezwa yeye mwenyewe. Alipomaliza tu, Samweli huyo akatokea.

Wengi husema kosa lake lilikuwa kufanya kazi ya kuhani. Hatudhani kwamba hilo peke yake linatosha, kwani Daudi na Solomoni nao wanasimuliwa kuwa walitoa sadaka (2Sam 6:17, 1Fal 3:4) na hawakemewi kwa ajili hiyo. Uzito uko kwenye agizo la kungoja. Basi tumsikilize Sauli anavyojitetea: jambo la kwanza analotaja ni kwamba aliona watu wanatawanyika na kumwacha. La pili ni kwamba Samweli alichelewa. Maombi kwa Bwana anayataja mwishoni. Sadaka ile, basi, ilikuwa na kazi nyingine: kuwazuia watu wasiondoke. Altare imegeuzwa kuwa chombo cha kukusanya jeshi, na hata hivyo waliobaki walikuwa watu 600 tu, kutoka wale 3,000 aliowachagua mwanzoni.

Hapa ndugu zetu mafrateri tungependa mtulie kidogo. Jaribu la kuitumia ibada ili watu wasituache halikuishia Gilgali. Padre anaweza kurefusha au kufupisha Misa, kuongeza vionjo, kunyamaza juu ya sehemu ya Injili inayowakwaza wenye uwezo wa parokia, na kila mara sababu ikawa ileile: watu wataondoka, watahamia kanisa la jirani. Sababu hiyo si ya uongo. Watu wa Sauli walikuwa wanaondoka kweli.

Katika sura ya 14 kuna tukio dogo ambalo ni rahisi kulipita. Sauli anamwita kuhani ili watafute shauri la Mungu. Wakati wanaendelea, kelele za kambi ya Wafilisti zinazidi, na Sauli anamwambia kuhani arudishe mkono wake, yaani aache (14:19). Hakukana kusali. Aliikatiza sala kwa sababu nje kulikuwa na jambo la haraka. Yeyote aliyewahi kufunga kitabu cha Masifu katikati kwa sababu simu imeita anaelewa tukio hili bila ufafanuzi. Siku hiyohiyo Sauli aliwaapisha askari wasile kitu mpaka jioni, kiapo ambacho hakuna aliyekiomba. Yonathani, ambaye hakukisikia, akaonja asali, na baba akawa tayari kumuua mwana ili neno lake la mbele za watu lisianguke. Ni watu ndio waliomwokoa Yonathani.

Tumefika sura ya 15, ile ya Jumatatu. Lakini kabla ya kumhukumu Sauli ni lazima tukiri kwamba sura hii inatusumbua kwa sababu nyingine kabisa: agizo la kuwaangamiza Waamaleki, wakubwa kwa watoto. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965 (na. 15), unafundisha kwamba vitabu vya Agano la Kale vina pia mambo yasiyo kamili na ya muda, ingawa vinaonyesha malezi ya kweli ya Mungu. Papa Benedikto XVI naye, katika Verbum Domini ya mwaka 2010 (na. 42), alizizungumzia kurasa ngumu za namna hii na kutukumbusha kwamba ufunuo ulikwenda hatua kwa hatua, hivyo zisomwe katika mwanga wa Kristo. Hakuna Mkristo anayeweza kutumia sura hii kuhalalisha kumuua jirani wa kabila lingine. Tukishasema hivyo tunaweza kuangalia kile ambacho mwandishi anataka tukione kwa mfalme wake.

Sauli ameshinda. Amemwacha hai mfalme Agagi pamoja na mifugo iliyonona, akaharibu kilicho dhaifu. Amekwenda Karmeli kujisimamishia nguzo ya ukumbusho (15:12). Samweli anapofika, Sauli anamsalimu kwa furaha na kusema ametimiza agizo la Bwana, huku kondoo wanalia nyuma yake. Anapoulizwa kuhusu kelele hizo, angalia nafsi za vitenzi vyake: waliobakiza mifugo mizuri ni "wao", yaani watu, walioangamiza iliyobaki ni "sisi" (15:15). Utii ameugawa sehemu mbili, iliyo nzuri yake, iliyo mbaya ya wenzake. Tena Mungu anayemtaja si Mungu wake. Mara tatu katika sura hiyo, akizungumza na Samweli, anasema Mungu "wako" (aya ya 15, 21 na 30). Tunaona neno hilo dogo linaeleza mengi kuliko mifugo yote.

Ndipo, akiwa amebanwa, Sauli anakiri kwamba ametenda dhambi, na anataja sababu yenyewe waziwazi: aliwaogopa watu, akaisikiliza sauti yao (15:24). Ungamo zuri hilo! Kama angeishia hapo labda tungekuwa na hadithi nyingine. Lakini Samweli anapogeuka kuondoka, Sauli anashika pindo la vazi lake hata likararuka, na anakiri kwa mara ya pili, safari hii kwa nyongeza: amekosa, lakini Samweli amheshimu mbele ya wazee na mbele ya Israeli (15:30). Watu wasijue. Turudi pamoja, tuonekane pamoja, ibada ifanyike kama kawaida.

Sasa tunaweza kumweka Daudi pembeni yake. Dhambi ya Daudi ni nzito zaidi kwa mizani yoyote tunayoijua. Nathani anapomwambia kwamba mtu yule wa mfano ni yeye, Daudi anajibu kwa maneno mawili tu ya Kiebrania: amemkosea Bwana (2Sam 12:13). Kitenzi ni kilekile alichotumia Sauli. Tofauti ni kwamba hakuna kinachofuata. Daudi hasemi kwamba Bathsheba alikuwa anaoga mahali pa wazi, wala kwamba Yoabu ndiye aliyepanga vikosi. Hamwombi Nathani ailinde heshima yake. Tena hakuponyoka bila maumivu: mtoto alikufa, na nyumba yake haikupata amani. Sauli kwa upande wake alinyang'anywa ufalme. Juu ya hukumu ya roho yake Maandiko hayasemi lolote, na Samweli aliendelea kumlilia mpaka Mungu mwenyewe akamuuliza atalia hata lini (1Sam 16:1).

Kwa hiyo swali la waamini lina jibu, ingawa si la kupima dhambi ipi kubwa kuliko ipi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatofautisha majuto kamili, yanayotokana na kumpenda Mungu, na majuto yasiyo kamili, yanayotokana na ubaya wa dhambi au hofu ya adhabu. Hata haya ya pili ni zawadi ya Mungu, na yanamwandaa mtu kupokea msamaha katika Sakramenti ya Kitubio (KKK 1452-1453). Hofu ya Sauli ni ya aina nyingine. Anachokiogopa ni kuonekana na wazee akiwa peke yake bila nabii.

Kila padre anayeungamisha, hata asiporuhusiwa kueleza lolote, anaelewa tunachokisema, na kila mmoja wetu akijichunguza anaelewa pia. Tunaingia kuungama, na dakika mbili baadaye tunaungama makosa ya mume, ya mama mkwe, ya mwenyekiti wa jumuiya. Nilimtukana, lakini yeye ndiye aliyeanza. Sikurudisha fedha za kwaya, lakini kila mtu huwa anachukua. Seminarini sura yake ni tofauti kidogo: frateri anaulizwa na mlezi kuhusu kosa, anakubali haraka, anaomba msamaha kwa unyenyekevu mkubwa, na hoja yake yote ni kwamba lisiandikwe kwenye ripoti ya kwenda kwa Askofu. Hatusemi kwamba anadanganya. Sauli hakudanganya alipokiri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na daktari anayeambiwa nusu ya ugonjwa hutibu hiyo nusu.

Yaliyofuata katika maisha ya Sauli tuyapitie kwa haraka. Wanawake wanaimba na kumhesabia Daudi makumi elfu na yeye maelfu tu, na kuanzia siku hiyo hakumtazama Daudi kwa jicho jema (18:9). Mtu aliyezoea kujipima kwa sauti za watu huuawa na wimbo. Mmoja baada ya mwingine anawapoteza wote ambao wangeweza kumwambia ukweli: Samweli haji tena kumwona, Daudi anakimbia, Yonathani anarushiwa mkuki na baba yake (20:33), na huko Nobu makuhani 85 wanauawa kwa amri yake kwa mkono wa Doegi, baada ya askari wake wenyewe kukataa (22:17-18). Anabaki na mwanamke wa Endori, usiku, akiwa amevaa nguo za kumficha, akimtafuta tena Samweli, ambaye sasa ni marehemu. Usiku ule hajali tena wazee wanasema nini.

Alikufa mlimani Gilboa pamoja na wanawe watatu, na Wafilisti wakautundika mwili wake ukutani Beth-Shani. Ndipo mashujaa wa Yabesh-Gileadi, mji ule ambao Sauli aliuokoa alipoanza tu kutawala, walipotembea usiku kucha, wakaishusha miili, wakaenda nayo kwao, wakaizika mifupa chini ya mti na kufunga siku saba. Habari hiyo iko katika sura ya 31, ambayo nayo imerukwa katika masomo ya majuma hayo. Tunashauri isomwe nyumbani, au katika jumuiya ndogo ndogo, mara baada ya kusoma sura ya 11.