SSD imekuwa nzito? Usikimbilie kununua nyingine



Mwezi wa 12 mwaka jana nilirudisha hela ya mteja kwa sababu ya kompyuta. Nakusimulia ili na wewe yasikukute.

Mimi nauza viungo: karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga. Nachukua kwa wakulima wa Kinole na Matombo huko milimani Uluguru, nafunga hapa Morogoro mjini, napakia kwenye mabasi pale Msamvu. Oda zote, madeni na namba za wateja ziko kwenye kompyuta. Sasa siku zile za pilau la Krismasi ikaanza kuwa nzito. Kuwaka tu dakika tatu. Nikibonyeza faili la oda, nachemsha chai, narudi bado linazunguka. Basi la Dodoma likaondoka bila mzigo wa mama mmoja. Jioni akanipigia: "Mwanangu, nirudishie tu hela yangu." Nikarudisha.

Fundi akaniambia, "Bosi, SSD imekufa, nunua mpya." Bahati nzuri sikuwa na hela, ndo nikakaa kujisomea. Kumbe haikufa, ilijaa! Ni ya GB 256, Windows inaisoma 238, na nafasi iliyobaki ilikuwa GB 4.

KWA NINI INAPUNGUZA KASI?

Fikiria matenga ya nyanya pale Soko Kuu la Chief Kingalu. SSD inaandika kidogo kidogo, ila haiwezi kufuta kidogo kidogo. Ni kama tenga ambalo huruhusiwi kuchomoa nyanya moja iliyooza: unamwaga tenga zima, unachagua nzima, unazipanga upya kwenye tenga safi. Ukiwa na matenga matupu pembeni, kazi inaenda chapchap. Yote yakijaa, kila mzigo mpya unasubiri kumwaga na kupanga.

Halafu kuna hili. Ukifuta faili, Windows inalitoa kwenye daftari lake. SSD isipoambiwa, inaendelea kuhamisha nyanya ambazo zilishauzwa zamani. Amri ya kuiambia "hizi tupa" inaitwa TRIM, na Windows inayo tangu Windows 7 ya mwaka 2009.

FANYA KWA MPANGILIO HUU

1. Bekapu kwanza. Daftari la oda, madeni, namba za wateja na picha za bidhaa weka kwenye diski ya nje au Google Drive, ambayo inakupa GB 15 bure. Usiruke hatua hii. TRIM ikishapita, faili ulilofuta kimakosa usitegemee kulirudisha. SSD inauzwa dukani, namba za wateja wako haziuzwi popote.

2. Punguza mzigo. Mimi video za bidhaa zilizojirudia ndo zilikula nafasi, pamoja na folda la Downloads. Zihamishie diski ya nje, kisha safisha Recycle Bin, maana kama bado ziko humo nafasi haijarudi. Lenga kubakiza wazi angalau asilimia 15 hadi 20 ya diski.

3. Piga TRIM. Bonyeza Start, andika "defrag", fungua "Defragment and Optimize Drives". Hakikisha diski yako imeandikwa "Solid state drive", kisha bonyeza "Optimize". Usiogope hilo neno defrag: Windows ikitambua ni SSD, inatuma TRIM. Ila usitumie programu za zamani za kupanga hadi diski. Kwenye SSD hazisaidii, zinaichakaza tu.

4. Pima afya. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inakuonyesha hali ya diski. Ikiandika "Caution" au "Bad", hapo fundi yuko sahihi: hamisha data haraka, tafuta nyingine.

5. Kufuta kabisa. Hii ni ya mwisho, kama afya ni nzuri ila uzito haujaondoka. Inaitwa Secure Erase. Inamwaga matenga yote kwa mkupuo, na SSD inaanza tena ikiwa tupu, karibu na kasi ya siku ya kwanza. Unatumia programu ya mtengenezaji wa diski yako, mfano Samsung wana Magician, na baadhi ya kompyuta zinayo kwenye BIOS. Kila kitu kinafutika, Windows nayo, kwa hiyo utapiga Windows upya. Chomeka chaja na betri iwe imejaa, umeme usije ukakatika katikati. Ila ujue hairudishi diski iliyochakaa kwa umri. Inasafisha matenga, haishoni yaliyotoboka.

Mimi niliishia hatua ya nne. Nilitoa video, nikapata GB 70 wazi, nikapiga TRIM, afya ikasoma "Good". Kompyuta sasa inawaka kwa sekunde kama 20, na sijatoa hata mia kununua diski.

Yule mama wa Dodoma nilimpigia, nikamwamkia, nikamweleza ukweli. Mwezi wa pili akaagiza tena iliki, na safari hii mzigo uliwahi basi.

Leo kabla hujafunga duka, fungua "This PC" uangalie nafasi iliyobaki. Ukikuta mstari umegeuka mwekundu, usisubiri msimu wa oda nyingi. Anza na bekapu usiku huu huu.