Sura ya Nne: Mkono Unaobeba Mapigo

Anayejifunza gitaa kwa mkono wa kushoto hukutana na kikwazo kabla hajaijua hata kodi moja. Anapewa gitaa, analipakata kama mwili wake unavyomtuma, shingo inaelekea kulia kwake. Papo hapo mtu aliye karibu analigeuza na kumwambia, "Hapana mwanangu, linashikwa hivi." Wengi huishia hapo. Wanajaribu wiki mbili tatu, mkono wa kulia unachapa nyuzi bila mpangilio, wanahitimisha kwamba hawana kipaji. Sura hii imeandikwa kwa ajili yao.

Katika kata ya Isingiro, na kwa jumla katika Kyerwa na Karagwe, kikwazo hicho kina mizizi miwili. Wa kwanza ni vifaa. Magitaa yanayofika huku, yawe yamepitia Bukoba, Mwanza au upande wa Uganda kwa njia ya Murongo, karibu yote yametengenezwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia. Tena mara nyingi gitaa lenyewe ni moja tu: la kwaya, au la kaka aliyerudi nalo kutoka mjini. Mzizi wa pili ni malezi. Mtoto wa huku hufundishwa mapema kwamba mkono wa kushoto hautumiki kusalimia, kupokea kitu kwa mkubwa wala kula. Hiyo ni adabu njema na haina haja ya kubezwa. Lakini kupiga gitaa si kupeana kitu, ni kazi ya mikono. Katika shamba la kahawa hakuna anayemnyang'anya mashoto jembe au panga kwa sababu ameshika kwa kushoto. Anaachwa afanye kazi kwa mkono wenye nguvu. Gitaa lastahili kupewa ruhusa hiyohiyo.

Kazi ya kila mkono

Mikono miwili ya mpiga gitaa haigawani kazi moja. Mkono ulio shingoni hubana nyuzi: huchagua noti. Mkono ulio juu ya tundu la sauti hucharaza au hudonoa: huamua noti itoke lini, kwa nguvu gani, na ikae muda gani. Wimbo ukichelewa, ukikimbia au ukipoteza uchangamfu, kosa mara nyingi liko kwenye mkono huu wa pili. Ndio unaobeba mapigo.

Wapo wanaosema kuwa mashoto amebahatika, kwa sababu gitaa la kawaida linaupa mkono wake hodari kazi ngumu ya kubana kodi. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Mark Knopfler, Mwingereza aliyeongoza bendi ya Dire Straits, ni mashoto na hupiga gitaa la kulia kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, kubana kodi ni kazi ambayo vidole huizoea kwa kurudiarudia: leo panauma, mwezi ujao vinakwenda vyenyewe. Mapigo hutoka begani na kiwikoni, na kila mtu ana upande mmoja unaoyatoa kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo msimamo wa sura hii ni huu: kazi ya mapigo ipewe mkono ambao mwili wako umekwisha kuuchagua, isipokuwa mazingira yako yakikulazimisha vingine.

Kuujua mkono huo si kazi. Chukua fimbo, ishike kama gitaa, fumba macho na uimbe wimbo unaoupenda huku ukijifanya unacharaza. Kisha geuza upande na uimbe tena. Upande mmoja utakwenda na wimbo bila wewe kufikiri, na mwingine utakuwa unaufukuzia. Kama pande zote mbili ziko sawa, jifunze kwa kulia. Utapata magitaa na walimu kwa urahisi zaidi. Kama tofauti ni kubwa, usiipuuze. Inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya kumi duniani ni mashoto, na kwaya yenye waimbaji thelathini huenda ikawa nao kadhaa.

Inafaa kukumbuka kuwa chombo kikuu cha nyuzi cha wenyeji wa Kagera hakijawahi kuleta tatizo hili. Nanga, ambayo manju wa Kihaya na Kinyambo waliitumia kusimulia habari za mashujaa na watawala, haina shingo ya kubania noti. Ni ubao uliochongwa kama hori jembamba, na juu yake uzi mmoja mrefu hupitishwa kwenda na kurudi mpaka ukawa nyuzi saba au nane. Kila uzi una noti yake na hudonolewa wazi. Ubaguzi wa kulia na kushoto ulikuja na gitaa.

Njia nne

Njia ya kwanza ni kujifunza kama wa kulia. Faida yake ni kwamba utaweza kushika gitaa lolote utakalolikuta, kanisani, shuleni au harusini, ukapiga. Gharama yake ni mapigo kuchelewa kukomaa.

Njia ya pili ni kununua gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya mashoto. Ndiyo njia safi kuliko zote, lakini lazima liagizwe kutoka mbali.

Njia ya tatu ni kuchukua gitaa la kulia na kuzihamisha nyuzi zake, ili uzi mnene ukae tena juu, karibu na uso wako, wakati shingo imeelekea kulia. Paul McCartney wa Beatles alipita njia hii. Alipopata gitaa lake la kwanza aina ya Zenith alihangaika nalo kwa kulia, mpaka alipoiona picha ya mwimbaji wa Marekani, Slim Whitman, ameshika gitaa kwa kushoto. Akahamisha nyuzi na mambo yakafunguka. Mpiga gitaa Jimi Hendrix naye alikuwa akigeuza magitaa ya kulia na kuyafunga nyuzi upya.

Njia ya nne ni kuligeuza gitaa la kulia bila kugusa nyuzi. Uzi mwembamba unakuwa juu na mnene chini. Mwanamuziki Elizabeth Cotten, aliyezaliwa North Carolina, Marekani, mwaka 1893, alianza hivyo kwa banjo ya kaka yake, ambayo hakuwa na ruhusa ya kuifanyia mabadiliko. Alipopata gitaa aliendelea vivyo hivyo: kidole gumba kikapiga wimbo na vidole vingine vikapiga besi, kinyume cha desturi. Akiwa bado mtoto alitunga "Freight Train", wimbo uliokuja kuenea dunia nzima, na mwaka 1985 akapewa tuzo ya Grammy. Wewe ambaye gitaa lako ni la kwaya au la kaka, usidhani njia hii ni ya kukata tamaa.

Kuhamisha nyuzi bila kuharibu gitaa

Kwa mwanafunzi wa Isingiro mwenye gitaa lake mwenyewe, njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza, kwa sharti moja: gitaa liwe la nyuzi za nailoni. Sababu iko kwenye vipimo.

Tazama mahali shingo inapokutana na kichwa cha gitaa. Kuna kipande cheupe cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita. Hapa tutakiita kizingiti. Kila mfereji umechongwa kwa unene wa uzi wake. Katika seti ya kawaida ya nyuzi za chuma, uzi wa kwanza una unene wa takriban milimita 0.3 na wa sita milimita 1.35. Ukizibadilisha, uzi mnene hauingii kwenye mfereji, na mwembamba unachezacheza kwenye mfereji mpana na kutoa mlio wa kukwaruza. Kwenye nailoni, wa kwanza ni karibu milimita 0.7 na wa sita 1.1. Tofauti ni ndogo, na inarekebishika.

Sasa tazama upande wa pili, darajani, pale nyuzi zinapofungwa juu ya mwili wa gitaa. Uzi mnene ni mgumu kupinda, na ukibanwa sauti yake hupanda kidogo kuliko inavyotakiwa. Mafundi huuongezea urefu ili kufidia, ndiyo maana kwenye gitaa la chuma kipande cheupe cha darajani kimewekwa mshazari. Ukihamisha nyuzi, mnene unapata urefu mfupi na mwembamba unapata mrefu, na gitaa halitakubali kutuniwa vizuri shingo nzima. Kwenye gitaa la nailoni kipande hicho kwa kawaida kimenyooka, hivyo kuhamisha nyuzi hakukiharibii kitu.

Fanya kazi kwa jozi. Legeza uzi wa kwanza na wa sita, zitoe, zibadilishane nafasi, kaza kiasi. Halafu wa pili na wa tano. Mwisho wa tatu na wa nne. Kwa kufanya hivyo shingo haiachwi bila mvuto wowote kwa muda mrefu. Jozi ya mwisho itakushangaza: uzi wa tatu wa nailoni tupu ni mnene kuliko wa nne uliozungushiwa waya. Kwa hiyo mfereji unaoupokea uzi wa tatu ndio utakaohitaji kupanuliwa, sawa na ule unaoupokea wa sita. Kunja msasa laini, upitishe kidogokidogo, jaribu uzi kila baada ya misuguo michache. Ukichimba kupita kiasi, uzi utagusa freti, yaani vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo, na kukwaruza.

Ukitaka kazi ya kudumu, mwombe fundi seremala achonge kizingiti kipya. Mfupa wa ng'ombe uliochemshwa ukaondolewa mafuta na kukaushwa vizuri ni malighafi ambayo mafundi wa magitaa wameitumia kwa vizazi, na katika nchi ya wafugaji haupatikani kwa shida. Mifereji ichongwe kwa kuinamia kidogo upande wa kichwa, ili uzi uachie kwenye ukingo wa mbele kabisa.

Baada ya hapo tuni, kuanzia uzi mnene: E, A, D, G, B, E. Programu ya simu inatosha. Kisha pima: piga uzi wazi, halafu ubane kwenye freti ya 12, ambayo iko katikati ya urefu wa uzi. Sauti ziwe noti ileile, moja juu ya nyingine kwa oktava. Zikilingana, gitaa lako limekubali.

Onyo moja: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa zaidi ya kilo 70 kwa pamoja, za nailoni karibu kilo 40. Daraja litang'oka.

Kodi, michoro na mwalimu wa mkono wa kulia

Michoro ya kodi vitabuni imechorwa kwa wa kulia, na ndiyo inayowachanganya mashoto. Dawa yake ni kuacha kusoma kwa "kulia" na "kushoto" na kusoma kwa namba ya uzi na namba ya freti. E ndogo ni uzi wa tano na wa nne, freti ya 2. A ndogo ni uzi wa nne na wa tatu freti ya 2, na uzi wa pili freti ya 1. C ni uzi wa tano freti ya 3, wa nne freti ya 2, wa pili freti ya 1. Maelezo hayo ni yaleyale kwa mikono yote. Hata mistari sita ya tablacha, inayoonyesha uzi na freti kwa namba, haihitaji kugeuzwa.

Kwa mwalimu wa mkono wa kulia, mashoto aketi akimtazama uso kwa uso. Shingo za magitaa yao zitaelekea upande mmoja, na kila anachofanya mwalimu mwanafunzi atakiona kama kwenye kioo. Wanafunzi wengine hawana faida hiyo.

Kodi zikishakaa, jifunze mtindo wa vidole viwili, urithi mkubwa wa gitaa kavu katika ukanda wetu. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya huko Katanga mwaka 1930, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 na kuimba kwa Kiswahili, alitumia gumba na kidole cha shahada: gumba linashika besi, shahada inadonoa wimbo juu yake. Anza na kodi ya C. Gumba lipige uzi wa tano na wa nne kwa zamu, bila kukatika, mpaka uweze kuongea na mtu huku linaendelea. Ndipo shahada iongezwe kwenye uzi wa pili, katikati ya mapigo ya gumba. Aliyehamisha nyuzi hufanya hivyohivyo kwa kushoto. Aliyegeuza gitaa bila kuhamisha atabadilisha kazi za vidole, kama Cotten.

Uamuzi

Walimu wa kwaya wana sehemu kubwa katika jambo hili, kwa kuwa huko ndiko vijana wengi wa Kyerwa na Karagwe hulishika gitaa kwa mara ya kwanza. Mwalimu, kijana akilipakata gitaa shingo ikaelekea kulia, usimgeuze. Mpe dakika kumi, mwache acharaze nyuzi wazi huku wenzake wakiimba, na usikilize kama anashika mapigo. Akishika, zungumza naye kuhusu njia nne: kama gitaa ni lake, zihamisheni nyuzi, kama ni la kwaya, achague kati ya kulia na kuligeuza. Uamuzi huo ufanyike katika wiki za mwanzo, kwa sababu vidole vikishazoea upande mmoja, kuhama ni kuanza upya. Ukishafanyika, dakika ishirini kila siku zitamfikisha mbali kuliko saa tatu za Jumamosi, na mkono uliozuiwa kupokea sahani utapata kazi ya kuongoza wimbo.