Kazi ya Ukope wa Chini

Picha ya wasifu wa kikazi ni picha ya kichwa na mabega ambayo humtangulia mtu kabla yeye mwenyewe hajafika: kwenye tovuti ya ofisi, kwenye maombi ya kazi, kwenye jalada la kitabu, kwenye bango la semina. Kwa asili ilikuwa zana ya waigizaji wa Marekani, waliowapelekea mawakala wao picha iliyosafishwa kwa inchi 8 kwa 10. Tangu mtandao wa LinkedIn ufunguliwe mwaka 2003, mzigo huo umewafikia wahasibu, wauguzi, mawakili na mafundi umeme ambao hawakuwahi kuota kupanda jukwaani.

Uzito wa picha hiyo unatokana na haraka ya mtazamaji. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa nyuso wasizozijua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha wakaulizwa kama mwenye uso anaaminika, anapendeza, anaimudu kazi. Majibu yalilandana sana na ya watu waliotazama bila kubanwa na muda. Muda ulipoongezwa, watazamaji walizidi kujiamini katika hukumu zao, lakini hukumu zenyewe hazikusogea sana. Si haki, lakini ndivyo macho ya watu yalivyo.

Ushauri uliozoeleka huhusu suti, ukuta wa nyuma na tabasamu, ukaishia hapo. Mpiga picha Peter Hurley wa New York, aliyewahi kuwa mwanamitindo na mshindani wa mbio za mashua kabla ya kushika kamera, anaanzia mahali padogo mno: ukope wa chini wa jicho.

Hoja yake, aliyoieleza katika video ya mwaka 2013 iliyosambaa sana na kuirudia katika kitabu chake cha mwaka 2015, ni kwamba hofu ya mtu mbele ya lenzi huonekana kwanza machoni. Mtu akiambiwa “tayari”, macho hutanuka bila yeye kujua. Weupe wa jicho huchomoza juu na chini ya mboni, na picha humtoa kama mtu aliyemulikwa na taa za gari usiku. Mtu anayejiamini, kwa maelezo ya Hurley, hatanui macho. Ukope wake wa chini hupanda kidogo, ukope wa juu ukibaki karibu palepale ulipokuwa. Kitendo hicho anakiita squinch, na amewafundisha watu wengi sana kukifanya kwa makusudi.

Kiswahili ni tajiri wa vitenzi vya macho. Mtu hukodoa, hufumba, hupepesa, hukonyeza, hufinya macho jua linapomchoma, na akitaka kupendwa hurembua. Kwa kitendo cha Hurley hakuna kitenzi kilichozoeleka, na ndiyo maana ni rahisi kukikosea. Kufinya macho hushusha ukope wa juu na kukunja paji la uso. Picha hutoka na mtu mwenye hasira au anayetafuta miwani yake. Kurembua hulegeza ukope wa juu. Picha hutoka na mtu mwenye usingizi, au mwenye nia isiyofaa kwenye maombi ya kazi ya benki. Kinachotakiwa kiko katikati, na ni cha milimita moja, pengine mbili.

Namna ya kujizoeza ni kusimama mbele ya kioo na kufunika pua na mdomo kwa karatasi, ili macho yabaki peke yake. Kwanza macho hutanuliwa kwa makusudi, kusudi mwenye uso aijue sura yake ya woga. Kisha hulegezwa. Kisha ukope wa chini hupandishwa taratibu, kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha daladala inayokuja kwa mbali bila kutaka kuonekana anakitafuta. Paji likianza kujikunja, hatua imepitiliza. Siku mbili tatu za zoezi la dakika chache humfaa mtu zaidi ya tai mpya.

Ukope huo ulishawahi kumshughulisha mtu mwingine, tena kwa umeme. Mwaka 1862 daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alichapisha kitabu chenye picha za nyuso za watu aliokuwa akiwashtua misuli kwa nyaya, maarufu zaidi kati yao akiwa mzee mmoja asiye na meno ambaye uso wake ulikuwa umepungua hisia. Duchenne aliona kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo humtii mwenyewe wakati wowote, lakini msuli unaozunguka jicho na kuusukuma ukope wa chini juu huamshwa na furaha ya kweli tu. Tabasamu lisilofika kwenye ukope huo, kwake, lilikuwa la uongo. Charles Darwin alizitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu hisia za binadamu na wanyama, na mpaka leo wanasaikolojia huliita tabasamu kamili kwa jina la Duchenne.

Tafiti za baadaye zimemkosoa: watu wengi wanaweza kuuamrisha msuli ule wakitaka. Hapo ndipo somo la Hurley linapoanza kuwasha. Kama ukope wa chini ulikuwa shahidi asiyehongeka, na sasa umefundishwa la kusema, mtazamaji wa ile sehemu ya kumi ya sekunde anaona nini? Hurley mwenyewe hajioni kama fundi wa kutengeneza vinyago. Wakati wa kupiga picha huongea mfululizo, hutania, huchokoza, huigiza, mpaka mtu asahau kamera; ukope kwake ni mlango tu wa kuingilia. Hata hivyo, anayejifunza peke yake mbele ya kioo hana mtu wa kumtania.

Liko swali jingine, zito zaidi kwa msomaji wa Kiswahili. Picha hizi humtaka mtu aitazame lenzi moja kwa moja, bila kupepesa, kama anayeongea na aliye sawa naye. Wengi wamelelewa wakijua kwamba mbele ya mkubwa macho hushushwa, na kwamba asiyeyashusha ni mkavu wa macho. Kinachoitwa kujiamini jijini New York kinaweza kusomeka kuwa ni utovu wa haya kwa shangazi atakayeiona picha hiyohiyo kwenye simu. Mpiga picha mwenye busara huwapiga wateja wa namna hiyo kwa mikao miwili: mmoja wa kutazama lenzi, mwingine wa kutazama kidogo pembeni yake. Mkao upi upelekwe wapi, ni mwenye uso aamue.

Baada ya macho, Hurley huhamia kwenye taya. Mtu aliyesimama mbele ya kamera hujirudisha nyuma, shingo ikajaa mikunjo na kidevu kikazama. Amri iliyozoeleka studio, “nyanyua kidevu”, huongeza tatizo la pili: matundu ya pua. Hurley humwambia mtu asogeze paji la uso mbele kuelekea kamera, kisha aliinamishe kidogo, kama kobe anayetoa kichwa kwenye gamba. Anayemtazama kwa upande atacheka. Kamera iliyo mbele huona tu mstari wa taya uliokatika vizuri, na ngozi ya chini ya kidevu imenyooka.

Hatua inayofuata ni mwanga, na hapa mwenye ngozi nyeusi ana kesi yake ya zamani. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Kamera za sasa zimeendelea, lakini kipima mwanga chake bado hudhani kwamba dunia, kwa wastani, ni kijivu. Uso mweusi mbele ya ukuta mweupe huifanya kamera ione mwanga umezidi, ikaupunguza, na sura ikapotea. Uso huohuo ukijaza fremu mbele ya pazia jeusi, kamera huhofia giza na kuupausha. Dawa ni kupima mwanga shavuni. Mteja ana haki ya kuomba picha tatu nne za majaribio na kutazama shavu lake kabla ya kitu kingine chochote. Kama shavu si lake, kazi haijaanza.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Taa pana na laini inayotoka ubavuni, na ubao mweupe upande wa pili wa kurudisha mwanga, huchora shavu na taya bila ukali. Kwa hiyo poda hutumika kwa kiasi: jasho la puani na la paji hufutwa, lakini mng'ao wote ukiuawa, uso huwa kama uliopakwa vumbi. Programu za simu zinazong'arisha ngozi zenyewe huzimwa kabisa. Zinachokifanya ni kumpunguza mtu.

Umbali nao una hesabu yake. Mwaka 2018 utafiti uliochapishwa katika jarida la upasuaji wa uso nchini Marekani ulikokotoa kwamba picha ya kujipiga kutoka sentimita 30 huonyesha pua ikiwa pana kwa takribani asilimia 30 zaidi ya ilivyo. Kwenye mita 1.5 tatizo hilo huondoka. Asiye na fedha ya studio na amuombe mtu mwingine ashike simu, asimame mbali, na ikiwa simu ina lenzi ya kuvuta, aitumie.

Mavazi hayahitaji maneno mengi. Rangi moja iliyotulia hushinda mistari myembamba, ambayo kwenye kamera ya dijitali hutoa mawimbi yasiyokuwepo. Kitenge chenye maua makubwa si kosa, ila kwenye fremu inayoishia kifuani ua moja linaweza kukaa chini ya kidevu kama medali, hivyo nguo hujaribiwa mbele ya kioo kwa kipimo hicho cha kifua tu. Shati hupigwa pasi, na huvaliwa mtu akiwa ameshafika, si kwenye bodaboda.

Yanayosahauliwa ni yale yanayougusa ukope moja kwa moja. Misuko mipya iliyobana huvuta ngozi ya paji na ya panja, ikayaacha macho yametanuka hata kama mwenyewe ametulia. Nywele zisukwe siku kadhaa kabla. Kope ndefu za bandia, taa ikiwa juu, hutupa kivuli ndani ya jicho na kuzima ile nukta ya mwanga inayolifanya jicho lionekane hai. Wanja mzito chini ya jicho huficha kazi yote ya ukope. Miwani yenye fremu nene huukata ukope palepale. Mguu wa miwani huinuliwa kidogo nyuma ya sikio ili kioo kiinamie chini na kisirudishe taa, na fremu yenyewe husukumwa juu ya pua. Mbali na macho, anayenyoa ndevu kwa wembe hunyoa siku moja au mbili kabla, vipele vipate kutulia. Mwenye hijabu huifunga ikiwa na nafasi kidogo chini ya kidevu, kwa sababu kichwa kikisogezwa mbele kitambaa kilichobana hujikunja shingoni.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote pengine ni pasipoti saizi. Kwa watu wengi ndiyo picha pekee waliyowahi kupigwa na fundi, na kanuni za hati za kusafiria hutaka macho wazi, mdomo umefungwa, uso usioonyesha hisia, maana mashine inatafuta vipimo. Mwili hulikumbuka somo hilo. Mtu akiketi kwenye kiti cha studio, mgongo hujinyoosha, uso hukauka, na macho hutanuka kama aliyesimama mbele ya dirisha la uhamiaji. Picha 20 za kwanza huishia huko. Anayelipia kikao cha dakika 10 huondoka nazo hizohizo, kwa hiyo ni heri kulipia muda mrefu kwa nguo moja kuliko muda mfupi kwa nguo tatu.

Mwisho ni kuchagua, kazi inayoonekana nyepesi na ndiyo inayoharibika mara nyingi. Uso ambao mtu anaujua ni wa kwenye kioo, uliogeuzwa kushoto kulia. Mwaka 1977 wanasaikolojia wa Marekani waliwapiga picha wanawake na kutengeneza nakala mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa. Wenyewe walielekea kuipenda iliyogeuzwa. Marafiki na wapenzi wao waliipenda ya kawaida. Anayesema “picha hii si mimi” hasemi uongo. Anaonyeshwa mtu ambaye wengine humwona kila siku, na yeye hajawahi kukutana naye.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na David White na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, ulikwenda mbali zaidi. Watu walichagua picha zao wenyewe za kuweka mtandaoni, na watu wasiowajua wakachagua pia kutoka rundo lilelile. Watazamaji wengine walipoulizwa, picha zilizochaguliwa na wageni ziliacha taswira nzuri zaidi. Fundi anayejua hilo humpa mteja picha tano au sita zenye shavu sahihi na ukope uliopanda, na kumwambia awapelekee watu wawili wasiompenda sana wala kumchukia. Wanaozipeleka kwa mama hurudi na picha yenye tabasamu kubwa kuliko zote, na pengine mama ndiye anayeujua uso ule.