Tujenge Kitako cha Jiko

Huku kwetu Msasani wengi bado tunapikia jiko la mkaa. Wengine tumepanga chumba kimoja tu: kitanda huku, jiko kule. Chini tumetandika kapeti la plastiki, na jiko tumeliweka juu ya kipande cha bati. Je, hapo tumejikinga na moto? La, bado.

Kwa nini bati halitoshi?

Bati hupitisha joto upesi. Makaa yakikolea, bati nalo linapata moto. Kapeti au ubao ulio chini yake huanza kuungua kidogo kidogo, na sisi hatuoni. Tofali la kuchoma hupitisha joto polepole. Kwa hiyo jiko linataka kitako cha matofali.

Tupime

Makaa huanguka zaidi mbele, penye mdomo wa jiko. Basi tuache sentimita 45 mbele, na sentimita 15 nyuma na kila ubavu. Kama jiko lina upana wa sentimita 30, hesabu ni hii:

Urefu: 45 + 30 + 15 = 90
Upana: 15 + 30 + 15 = 60

Tofali la sentimita 22 kwa 11 litaingia mara 4 kwa urefu na mara 5 kwa upana. 4 × 5 = matofali 20.

Tujenge

1. Tuchague mahali karibu na dirisha au mlango, mbali na kitanda, pazia, mafuta ya taa na mtungi wa gesi.

2. Tukunje kapeti, sakafu ibaki wazi.

3. Mwenye nyumba ajengee kwa saruji na mchanga. Mchanga wa ufukweni tusichukue: una chumvi, tena kuuchimba kunafanya bahari ile ufuko. Amwagilie maji siku 7, kisha aache kitako kikauke kabisa ndipo awashe jiko.

4. Mpangaji ayapange matofali bila saruji, yabanane vizuri. Akihama, anahama nayo.

Tahadhari

Kitako huzuia joto. Hakizuii hewa ya sumu ya mkaa. Hewa hiyo haionekani, haina harufu, na huua watu usingizini. Tusilale na jiko linalowaka ndani, hata mvua ikinyesha.

Moto ukitushinda, tutoke nje wote, tupige simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Matofali 20 ni rahisi kuliko nyumba nzima.

Maswali

1. Kwa nini mbele ya jiko panataka nafasi kubwa?

2. Pima jiko lako. Litataka matofali mangapi?