Chumba Kimoja, Magurudumu Manne

Je, wajua kwamba Ford Mustang za 1965 na 1966, zinazogombewa leo na wapenzi wa magari ya zamani Marekani, zilitoka kiwandani zikitegemea chumba kimoja tu cha mafuta kwa breki za magurudumu yote manne? Bomba likipasuka popote, mafuta huvuja, pedali inazama hadi sakafuni, na dereva anabaki na hendibreki na dua.

Mwaka 1967 Ford iliipa Mustang masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali) ya vyumba viwili: kimoja cha breki za mbele, kingine za nyuma. Kuanzia Januari 1968, sheria ya Marekani ikayalazimisha magari mapya ya abiria kuwa na breki zilizogawanywa hivyo.

Ndani ya masta hiyo pistoni mbili hufuatana katika silinda moja, na kati yake kuna mafuta. Upande wa pistoni ya kwanza ukivuja, pistoni hiyo husonga bure mpaka iiguse ya pili na kuisukuma, chuma kwa chuma. Ukivuja upande wa pili, pistoni ya pili hugota mwisho wa silinda na ya kwanza huendelea na kazi. Pedali hushuka zaidi kuliko kawaida, na gari huchelewa kusimama, lakini husimama.

Ndiyo maana wengi wenye Mustang hizo za zamani hung'oa masta ya chumba kimoja na kufunga ya vyumba viwili. Kuifunga si kazi kubwa. Kazi ni kutenganisha mabomba ya mbele na ya nyuma, kisha kutoa upepo wote.

Kosa la wengi ni kununua masta nene wakidhani ndiyo yenye nguvu. Ni kinyume chake! Kwa mguu uleule, silinda ya milimita 22 hutoa shinikizo kubwa kwa karibu asilimia 30 kuliko ya milimita 25, ila pedali nayo husafiri zaidi kwa kiasi hichohicho. Fimbo ya kusukuma pistoni nayo ipimwe: ikizidi urefu kidogo tu, pistoni hairudi hadi mwisho, breki hubaki zimeshika na kupata moto.

Mwenye Mustang ya 1965 anayeweka akiba ya injini kubwa, aanze na masta.